Kamera Ilikuwa Wapi? Televizyo na Habari za Vita Katika Goma

Waseminari wetu wa leo, karibu wote, walizaliwa nyuma ya mwaka wa 1994. Mambo ya mwaka ule wameyasikia kwa wazee wao, na zaidi wameyaona katika televizyo, kwani picha zile huonyeshwa tena na tena hata leo. Wameona njia ya Gisenyi imejaa watu kama mto uliofurika. Wameona maiti zimefungwa katika mikeka na kupangwa kando ya njia. Wameona askari Wafaransa na mashini zao wakitafuta namna ya kuchimba kaburi katika jiwe gumu la volkano. Basi nikiwauliza darasani, "Wale waliokuwa wakifa pale ni nani, na walikimbia nini?", wengi hujibu upesi: "Ni wale waliookoka katika mauaji ya Rwanda." Jibu hili nimelisikia mwaka kwa mwaka, hata kwa vijana waliozaliwa katika kartiye za Goma, ambao baba zao waliyaona mambo yenyewe kwa macho.

Jibu lile si kweli. Lakini angalieni jambo la ajabu: hakuna mtu aliyewadanganya. Picha walizoziona ni picha za kweli. Watu wale walikufa kweli, kolera iliwaua kweli, na mtu wa kamera hakuongeza kitu. Sasa kosa limetoka wapi? Neno hili nataka tulichunguze, sababu sisi mapadri na wakatekista tunaulizwa kila siku juu ya habari za vita, na watu wadhani kwamba kazi yetu ni kuchagua tu kati ya habari ya kweli na habari ya uwongo. Kama ingekuwa hivyo, kazi ingekuwa nyepesi.

Mababa wa Mtaguso, katika hati yao Inter Mirifica ya tarehe 4 ya mwezi wa kumi na mbili 1963, walitaka habari wanazopewa watu ziwe za kweli, tena ziwe kamili, kwa kadiri haki na mapendo yanavyoruhusu. Sisi tumeshika neno la kwanza, tumesahau la pili. Miaka mitano mbele ya hati ile, mwaka wa 1958, Papa Pius XII alikuwa amempa Mtakatifu Klara wa Assisi kuwa msimamizi wa televizyo, kwa sababu usiku mmoja wa Noeli, akiwa mgonjwa kitandani, aliona na kusikia ibada iliyokuwa ikifanyika mbali naye katika kanisa. Wengine hucheka wakisikia hivyo. Mimi naona Papa alichagua vizuri. Ila Klara alijua ni kanisa gani analoliona, na ibada gani, na watu gani. Sisi tunaona mbali kuliko Klara, wala hatujui tunaona nini.

Mbele ya kufika Goma, turudi kwanza mwaka wa 1964, wakati wa vita vya Wasimba. Tarehe 24 ya mwezi wa kumi na moja askari Wabelgiji walishuka kwa miavuli juu ya Stanleyville, mji ambao leo waitwa Kisangani, wakitoka katika ndege za Marekani, ili kuwaokoa Wazungu waliofungwa pale. Picha za Wazungu wale zilizunguka dunia nzima katika magazeti na katika televizyo. Wakongo waliouawa katika mji uleule, siku zilezile, walikuwa wengi kupita Wazungu mara nyingi, lakini ni wachache waliowahesabu. Nyuma ya siku nne, tarehe 28, Fratri Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka, na Padri Giovanni Didoné pamoja na Padri Albert Joubert wakauawa Fizi. Kule hakukuwa na mtu wa kamera. Tunajua namna walivyokufa kwa sababu wakristu walioona walisimulia, na wenzao wakaandika. Kwa maneno hayo Eklezya iliweza kuwatangaza wenye heri kule Uvira, tarehe 18 ya mwezi wa nane 2024. Kama tungengoja picha, tungengoja hata leo.

Sasa tuje kwetu. Vita vya nchi yetu ya Kivu Kaskazini havikuanza na wakimbizi wa 1994, ingawa wageni wengi wasema hivyo. Tarehe 20 ya mwezi wa tatu 1993, siku ya soko, watu waliuawa Ntoto katika Walikale, na moto ule ukaenea Masisi nzima. Watu walikufa kwa maelfu, na zaidi ya 200,000 wakahama vijiji vyao. Masisi-kati ni mwendo wa kilometa 80 hivi toka Goma. Mapadri na masista walipokea wakimbizi katika misioni, walizika, waliandika barua. Televizyo za Ulaya na Marekani hazikuja. Nalikumbusha jambo hili kwa sababu nyuma ya mwaka mmoja na miezi minne televizyo zilezile zilijaa Goma, ndege juu ya ndege, na kila mmoja akasema kwamba msiba umeanza jana.

Na kule Rwanda je? Ndege ya Rais Habyarimana ilipigwa tarehe 6 ya mwezi wa nne 1994, na kesho yake mauaji ya Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji, yalikuwa yameenea Kigali. Siku chache baadaye askari Wafaransa na Wabelgiji walifika kuwaondoa Wazungu. Watu wa televizyo walikuja pamoja nao, wakapiga picha za Wazungu wakipanda kamyo na ndege, na wengi wao wakaondoka pamoja nao. Ilikuwa hatari kubwa kubaki, siwalaumu wote. Tena mwezi uleule Afrika ya Kusini ilikuwa ikipiga kura yake ya kwanza ya watu wote, Mandela akachaguliwa, na waandishi wa dunia walikuwa wamekusanyika kule kwa maelfu. Habari ya furaha ilikuwa na kamera nyingi. Habari ya mauti karibu haikuwa nayo.

Katika siku zile Mwingereza mmoja, Nick Hughes, alisimama juu ya jengo refu katika Kigali, akaelekeza kamera yake ng'ambo ya bonde, akapiga picha ya watu wakiuawa njiani mchana, na wauaji wakipita bila haraka. Ni moja ya picha chache sana zinazoonyesha kitendo chenyewe cha kuua katika miezi ile mitatu. Fikirini: watu 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, na picha za kitendo chenyewe zahesabika kwa vidole. Mwandishi mwingine, Mark Doyle wa redio ya BBC, alikaa Kigali siku nyingi wakati wenzake wamekwenda. Mtu huyu aliandika baadaye, bila kulazimishwa, kwamba siku za kwanza alikosea vibaya: alidhani ni vurugu na vita vya kawaida, kumbe ni mauaji yaliyopangwa. Nampenda kwa ungamo lile. Wengine walisema maneno ya "chuki za kabila za tangu zamani" na hawajayafuta mpaka leo.

Nyuma ya hayo mauti yenyewe yalitoka nje. Mwezi wa tano maiti zilichukuliwa na mto Kagera mpaka ziwa Viktoria, wavuvi wa Uganda wakazivua kwa maelfu, na kamera zikaziona. Lakini maiti majini haisemi nani aliyeiua.

Ndipo ukaja mwezi wa saba. Jeshi la RPF lilikuwa linashinda, na toka tarehe 14 watu walianza kupita mpaka wa Gisenyi na kuingia Goma. Katika siku nne au tano walipita watu kati ya 500,000 na 800,000. Wazee wa Goma wakumbuka kwamba hukuweza kufungua mlango wa nyumba bila kusukuma mtu aliyelala mbele yake. Tarehe 20 waganga walithibitisha kolera. Maji yalikuwa ya ziwa tu, kuni hakuna, choo hakuna, na ardhi yetu ni jiwe. Waganga waliohesabu maiti zilizookotwa waliandika mwaka wa 1995 katika gazeti la utabibu The Lancet kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Mahesabu haya sitaki mtu yeyote ayapunguze. Aliyezika watoto wale hatayasahau.

Kwa nini televizyo zilikuja safari hii? Watu wa siasa watasema mengi; mimi naona sababu nyingine ya kawaida kabisa, na mwenye kusoma historia asiidharau. Goma ilikuwa na uwanja wa ndege ambao ndege kubwa ziliweza kushuka, na uwanja ule uko ndani ya mji. Kazi ya televizyo yataka umeme, yataka chombo cha kutuma picha kwa satelite, yataka gari na njia, tena yataka mtu aweze kurudi jioni akiwa mzima. Mugunga ilikuwa karibu, Kibumba ni kilometa zipatazo 25 kwa njia ya Rutshuru. Mtu aliweza kwenda asubuhi, kupiga picha, kurudi, na usiku uleule familia ya London au ya Atlanta ikala chakula ikitazama. Bisesero au Nyarubuye, ambapo maelfu waliuawa, havikuwa na uwanja wa ndege. Basi kamera haikuenda pale ambapo uovu ulikuwa mkubwa kuliko yote. Ilikwenda pale ambapo ndege ilishuka.

Na picha ile ikifika London au Atlanta, hukatwa. Mtu ambaye hajaona Kivu achagua dakika mbili katika saa nzima, na mwingine aandika maneno ya kusoma juu yake. Mtoto anayelia hahitaji maelezo. Kwa hiyo achaguliwa. Mtu mzima mwenye shati safi, anayegawa chakula na kuandika majina katika daftari, hawi picha nzuri. Kwa hiyo aachwa. Kumbe mtu yule wa daftari ndiye aliyekuwa habari. Kwani ndani ya umati ule walikuwamo askari wa jeshi lililoshindwa, wengine na silaha zao, na Interahamwe, na mabwana wakubwa wa komini walioongoza mauaji na waliowaamuru watu wao wakimbie pamoja nao. Walipanga kambi kwa komini, kama walivyokuwa nyumbani, na kwa muda mrefu chakula cha msaada kilipita katika mikono yao. Watu waliosema kwamba wataka kurudi Rwanda walitishwa, na wengine waliuawa.

Nisieleweke vibaya. Wengi katika umati ule hawakuua mtu. Walikuwa wakulima, wanawake, wazee, watoto kwa maelfu na maelfu, waliokimbia kwa woga na kwa amri. Mtoto aliyekufa kwa kolera Kibumba hakushika panga. Msiba wa televizyo ni huu, kwamba haikuweza kusema mambo mawili pamoja. Watazamaji walikuwa wamesikia nusu nusu kwamba Rwanda watu wanauawa, kisha wakaona Wanyarwanda wanakufa, wakaunganisha. Mzungu mwema aliyetoa pesa zake kwa ajili ya Goma alidhani anawasaidia waliookoka katika mauaji, wakati waliookoka kwa kweli walikuwa wamebaki ndani ya Rwanda, bila nyumba, bila jamaa, na karibu bila kamera. Uchunguzi mkubwa uliofanywa na mataifa mengi pamoja, na kutolewa mwaka wa 1996, ulisema wazi kwamba habari mbaya za miezi ile zilisaidia dunia kukaa kimya wakati wa kuua.

Matendo yalifuata picha. Rais Clinton alitangaza msaada wa jeshi lake tarehe 22, na tarehe 24 ndege za Marekani zilidondosha chakula toka angani, kikaanguka mbali na fasi iliyokusudiwa. Ilikuwa kazi ya kuonekana. Kwa haki niseme vilevile kwamba maji safi na madawa yaliyokuja na msaada ule yaliokoa watu wengi, na kwamba bila televizyo yasingekuja kwa wingi vile. Lakini kazi isiyoonekana, yaani kutenga wauaji na watu wa kawaida, kuwapokonya silaha na kusogeza kambi mbali na mpaka, hakuna serikali iliyotaka kuifanya. Mwezi wa kumi na moja 1994 waganga Wafaransa wa Médecins Sans Frontières waliacha kambi, wakisema hawawezi kuendelea kuwalisha wauaji. Wakati huo kamera nyingi zilikuwa zimekwisha kuondoka Goma. Kolera ilikuwa imepungua, na kambi yenye amani ya uwongo haina picha.

Watu wa Goma wenyewe, je, mliwaona katika televizyo? Ni mara chache. Mashamba yaliyokanyagwa, miti ya Virunga iliyokatwa kwa kuni, bei ya maharagwe sokoni, familia zilizopokea wageni kumi katika chumba kimoja, hayo yote yalikuwa nyuma ya kamera, upande ambao haielekezwi. Ndiyo sababu nasema vijana wetu, wakijifunza mwaka wa 1994 kwa picha hizo, wajifunza mji wao kwa macho ya mgeni aliyekaa juma mbili.

Mwaka wa 1996 mambo yaligeuka. Mara ya kwanza kamera ilikuja, ikaona sehemu, ikaifanya kuwa yote. Mara ya pili kamera ilizuiwa, na kile ambacho haikukiona kikasemwa kwamba hakiko.

Vita vya AFDL na jeshi la Rwanda vilishuka toka kusini. Tarehe 29 ya mwezi wa kumi Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Nyawera, katika mji wake wa Bukavu. Kwa majuma mengi alikuwa ameandika na kuita, akieleza mambo yanayokuja, na mataifa hayakumsikiliza. Maiti yake ilibaki njiani mpaka kesho yake. Tarehe 1 ya mwezi wa kumi na moja Goma ikashikwa. Waandishi wa habari walingoja Gisenyi. Baadaye wakaruhusiwa kuingia mji wa Goma, lakini si kwenda mbele ambapo vita vilikuwa. Wenye silaha walikuwa wamejifunza somo la 1994 vizuri kuliko watu wa habari wenyewe. Nik Gowing, ambaye ni mtu wa televizyo, aliandika uchunguzi wake mwaka wa 1998 akionyesha namna watu wa vita walivyofunga njia, wakashika mawasiliano, na kuwaacha waandishi na watu wa msaada wakae kama vipofu penye mlango.

Tarehe 15 ya mwezi ule Baraza la Usalama, kule New York, lilikubali kutuma jeshi la mataifa chini ya Kanada ili kuwasaidia wakimbizi. Na siku ileile njia ya kutoka Mugunga kwenda Gisenyi ilijaa watu wanaorudi kwao. Katika siku chache zaidi ya 500,000 walipita. Kamera zilikuwa zimeruhusiwa mahali pale, nazo zikaonyesha: mto ule wa 1994, sasa unarudi nyuma. Picha nzuri, picha ya kweli. Dunia ikapumua. Wote wamerudi, wakasema. Jeshi la Kanada la nini tena? Shirika la HCR lilisema kwamba mamia ya maelfu bado wako katika misitu. Serikali ya Rwanda na wakubwa wa Marekani walitaja hesabu ndogo kabisa. Ndege za jeshi zilipiga picha toka juu, na hata picha hizo watu walizisoma kila mmoja kwa namna yake. Mwezi wa kumi na mbili mpango wa jeshi la Kanada ukaachwa.

Ndipo wale waliosemwa kwamba hawako walipoonekana. Walikuwa wametembea mamia ya kilometa kwenda magharibi, na mwanzo wa mwaka wa 1997 makumi elfu yao walikuwa wamekaa Tingi-Tingi, karibu na Lubutu. Mwezi wa pili Mama Sadako Ogata, mkubwa wa HCR, alifika akawaona. Baadaye vita vikawafikia tena, wakatawanyika kuelekea Ubundu, na wengi sana hawakufika mahali popote.

Katika siku zilezile televizyo ya Leta kule Kinshasa ilitangaza kwamba jeshi la Zaire laanza shambulio kubwa la kumaliza adui. Watu wa Kisangani waliamini nusu, wakafunga mizigo yao nusu. Mji ulianguka tarehe 15 ya mwezi wa tatu. Uwongo wa namna ile haunipi taabu darasani. Kila mwanafunzi autambua. Hata uwongo wenye sumu wa radio RTLM, ambayo mahakama ya Arusha iliwahukumu wakubwa wake wawili mwaka wa 2003, twaweza kuuonyesha kwa kidole. Lakini nani atawahukumu waliopiga picha ya kweli ya njia ya Mugunga?

Taarifa iliyojaribu kukusanya mambo haya yote ilikuja kuchelewa sana. Ni ile ya Umoja wa Mataifa, ambayo twaiita Rapport Mapping, iliyotolewa tarehe 1 ya mwezi wa kumi 2010. Yaanza na mwezi wa tatu wa 1993, yaani na Ntoto ile ambayo hakuna aliyeipiga picha, nayo yahesabu matukio 617 ya jeuri kubwa mpaka mwaka wa 2003. Waliifanyaje? Walitafuta maandishi zaidi ya elfu moja, wakasikiliza mashahidi zaidi ya 1,280. Huyu aliyekuwa kijijini, yule aliyezika, yule aliyeandika siku ileile. Mapadri Weupe wa zamani wangeelewa kazi hiyo. Kardinali Lavigerie aliwaamuru waandike katika kila misioni kitabu cha mambo ya kila siku, ambacho waliita diaire: mvua imenyesha, fulani amebatizwa, askari wamepita wakaiba mbuzi. Kina upungufu wake, kwani kina macho ya Mzungu na masikio ya Mzungu. Lakini aliyekiandika alikuwako jana, na kesho atakuwako, na anajua jina la mwenye mbuzi.

Siku hizi mtasema kwamba mambo yamebadilika, kwa sababu kila mtu ana kamera katika telefoni yake. Ni kweli, nami nilifikiri kwamba shida yetu imekwisha. Kisha ukaja mwezi wa kwanza wa 2025. Mwanzo wa mwezi ule serikali ya Kinshasa iliwanyang'anya watu wa televizyo Al Jazeera ruhusa ya kazi, kwa sababu walimhoji mkubwa wa M23. Tarehe 27 M23 iliingia Goma. Umeme ulikatika, maji yalikatika, na katika nyumba zilizofungwa watu walitazama telefoni mpaka batri zikafa. Nilipata kwa siku moja picha kumi na nne za "Goma sasa hivi". Katika moja niliona milima isiyo yetu. Katika nyingine watu walivaa makoti ya baridi kali. Nyingine ilikuwa ya Goma kweli, lakini ya mwezi wa kumi na moja 2012, M23 ilipoingia mara ya kwanza. Nilijua kwa jengo moja ambalo siku hizi limekwisha kubadilika. Walionitumia si waongo. Walikuwa na hofu, wakanitumia walichopewa.

Tazameni hesabu za wafu wa siku zile. Mwanzo wa mwezi wa pili Umoja wa Mataifa ulitaja maiti 900. Siku chache nyuma yake ukataja karibu 2,900. Tarehe 24 Waziri Mkuu, Mama Judith Suminwa, alisema kule Geneva kwamba katika Goma wamekufa 3,000. Wakristu walinijia wakasema, "Mon père, mwaona namna wanavyotudanganya? Kila siku hesabu mpya!" Ikanibidi nieleze. Hesabu ya kwanza ilikuwa ya maiti zilizoonekana katika hospitali na nyumba za maiti. Ya pili iliongeza watu 2,000 waliokuwa wamekwisha kuzikwa. Hesabu inayobadilika mara nyingi ni alama ya mtu anayeendelea kuhesabu. Mimi naogopa zaidi hesabu ambayo toka siku ya kwanza haikubadilika.

Kwa hiyo darasani sasa nimeacha kuuliza kama picha ni ya kweli. Nauliza: Kamera ilikuwa wapi? Ilifika lini, nani aliyeiruhusu, na ni nani alikuwa nyuma yake, upande isioelekezwa? Mwanafunzi mmoja alinijibu kwamba maswali hayo hayana mwisho, na kwamba mtu anayeuliza hivyo hataamini kitu tena. Hatari hiyo iko. Nimewaona watu waliochoka kudanganywa, ambao leo wamwamini yeye tu apigaye kelele kama wao. Sina dawa kamili ya ugonjwa ule. Nilimwambia mwanafunzi yule aende kwa baba yake, amwulize alikuwa mahali gani mwezi wa saba 1994, ni kartiye gani, aliona nini kwa macho na alisikia nini kwa watu, aandike mbalimbali. Alirudi na kurasa sita. Baba yake alikuwa amepakia maiti katika kamyo kwa siku tisa, na hakuwa amewaambia watoto wake hata siku moja.

Mwezi wa tatu wa 2025 nilimtembelea katekista mmoja katika kartiye ya kaskazini ya mji. Alinionyesha daftari la shule lenye majalada ya bluu. Toka usiku wa tarehe 26 alikuwa ameandika wafu wa jumuiya zake: jina, umri, mlango wa nyumba, nani aliyemzika na wapi. Yalikuwa majina 23. Kando ya majina 19 aliandika "nimeona". Kando ya matatu aliandika "nimesikia kwa mama yake". Jina la mwisho alikuwa amelikata kwa mstari mmoja, ili lisomeke bado, na chini yake aliandika tarehe 11 ya mwezi wa pili: "Amerudi. Alikuwa Minova."